Ukatili wa Kifamilia katika Kata ya Kilakala, Morogoro: Kuuelewa, Kuuzuia na Kujinasua

Ikisiri

Makala haya yanafafanua ukatili wa kifamilia kwa kuyazingatia mazingira ya Kata ya Kilakala, iliyoko katika Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Hoja kuu ni kwamba mwanamke wa Kiluguru kwa jadi alikuwa na mlango wa kutokea katika ndoa yenye mateso, yaani ardhi ya ukoo wa mama, nyumba ya kwao na kauli ya mjomba. Maisha ya mjini yameudhoofisha mlango huo, ilhali mlango mwingine, yaani sheria na huduma za umma, haujafahamika vya kutosha. Makala yanaeleza maana na aina za ukatili, lugha inayouficha, sababu zinazowafanya waathirika wabaki, sheria zinazohusika, hatua za kujinasua kwa usalama na njia za kuuzuia. Yanahitimisha kwamba jamii yenye asili ya kuthamini upande wa mama ina akiba ya kimaadili inayoweza kutumika katika vita dhidi ya ukatili huo, mradi akiba hiyo iunganishwe na sheria.

1.0 Utangulizi

Kilakala ni kata inayopakana na miteremko ya Uluguru. Kwa Watanzania wengi jina lake linafahamika kutokana na shule ya sekondari ya wasichana iliyopo hapo, ambayo imesomesha vizazi vya wanawake waliokuja kuwa walimu, madaktari, wanasheria na viongozi. Kata hiyo ni sehemu ya mji ambao Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na wakazi zaidi ya 400,000. Wapo Waluguru ambao mashamba ya koo zao bado yako milimani, na wapo wahamiaji waliofuata reli, mashamba ya mkonge, viwanda, ofisi na vyuo. Nyumba nyingi ni za kupanga, ambamo familia kadhaa huishi chini ya paa moja na kutumia ua mmoja.

Mazingira hayo yanazua swali. Katika nyumba za namna hiyo kilio cha usiku husikika na jirani wote, lakini asubuhi hakuna anayekizungumzia. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ukatili wa kifamilia ni siri ambayo wengi wanaijua na wachache wanaitamka. Makala haya yanakusudia kuifafanua siri hiyo: ni nini, inaendeleaje, kwa nini ni vigumu kuitoka, na ni hatua zipi zinazowezekana kwa mwathirika, jirani na kiongozi wa mtaa.

2.0 Maana na Aina za Ukatili wa Kifamilia

Ukatili wa kifamilia ni mwenendo wa mtu mmoja kumdhuru, kumtisha au kumtawala mwingine aliye naye katika uhusiano wa ndoa, uchumba, kuishi pamoja au udugu. Neno la msingi katika fasili hii ni mwenendo. Kutofautiana kwa maneno baina ya wenzi wawili walio sawa ni jambo la kawaida katika kila nyumba. Ukatili huanza pale ambapo mmoja anamwogopa mwingine, na hofu hiyo inatumika kumwongoza.

Aina zake ni nne. Ya kwanza ni ukatili wa kimwili, kama vile kupiga, kusukuma, kuchoma na kukaba koo. Ya pili ni ukatili wa kingono, unaohusisha kulazimisha tendo la ndoa au kumzuia mwenzi asijikinge na maradhi au mimba. Ya tatu ni ukatili wa kihisia, kama vile matusi, vitisho, kudhalilisha mbele ya watoto, kukagua simu na kumtenga mtu na ndugu zake. Ya nne ni ukatili wa kiuchumi: kunyang'anya mshahara au faida ya biashara, kunyima matumizi ya nyumbani, kukopa kwa jina la mke katika kikundi cha vikoba, au kuuza mazao ya shamba alilolilima bila kumshirikisha.

Ukubwa wa tatizo umethibitishwa kitakwimu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2005 ulionesha kwamba miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Utafiti wa Taifa wa Hali ya Afya na Demografia wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupata ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Wanaume nao hupigwa na kudhalilishwa, na aibu huwazuia kusema. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa majeraha na vifo huwaangukia wanawake. Watoto wanaoshuhudia nao ni waathirika, kwa kuwa wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia.

3.0 Ukoo wa Mama na Mlango wa Zamani

Waluguru ni miongoni mwa jamii za Tanzania zinazofuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hurithishwa kwa kupitia upande huo. Young na Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, waliieleza milki hiyo ya ukoo kuwa ndiyo nguzo ya maisha ya kijamii ya milimani. Kwa jadi ilikuwa kawaida mume kuhamia au kujenga karibu na watu wa mke, na mahari haikuwa kubwa kama ilivyo katika jamii nyingi za wafugaji. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake, wakiwemo mabinti walioolewa.

Utaratibu huo ulikuwa na matokeo mahususi kwa mwanamke aliyeteswa. Kwanza, alikuwa na shamba ambalo halikutegemea ndoa yake. Kuachana na mume hakukuwa na maana ya kukosa chakula. Pili, ndugu zake walikuwa jirani, hivyo mume aliyenyanyua mkono alijua kwamba angesikiwa na wakwe zake. Tatu, watoto walikuwa wa ukoo wake, hivyo tishio la kunyang'anywa watoto halikuwa na nguvu kubwa. Nne, kwa kuwa mahari ilikuwa ndogo, familia ya mke haikuwa na sababu nzito ya kumrudisha ili kukwepa kulipa deni.

Utaratibu huo haupaswi kupambwa kupita kiasi. Kufuata ukoo wa mama si sawa na kutawaliwa na wanawake. Kauli ya mwisho ilikuwa ya mwanamume mwingine, yaani mjomba, na mjomba angeweza kuamua kwamba binti arudi kwa mumewe. Aidha, kipigo hakikukosekana katika ndoa za jadi. Tofauti iliyokuwepo ni kwamba mwanamke alikuwa na mahali pa kwenda.

Mjini mambo yamebadilika. Mwanamke anayeishi katika chumba cha kupanga Kilakala, hata kama ni Mluguru, mara nyingi amefuata makazi ya mume. Shamba la ukoo liko Matombo, Kinole au Mgeta, na huenda limekwisha kugawanywa vipande vidogo, kuuzwa au kukaliwa na ndugu wengine. Mirathi sasa huamuliwa pia kwa kufuata taratibu za dini na za serikali. Mjomba yupo, lakini yuko mbali, na huenda naye anategemea fedha za huyohuyo mume. Kwa wanawake waliotoka katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, mlango huo haukuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo Kilakala inawakutanisha wanawake wa asili mbalimbali katika hali inayofanana: wako mbali na kwao, na kodi ya chumba inalipwa na mtu wanayemwogopa.

4.0 Lugha Inayouficha Ukatili

Namna jamii inavyolitaja jambo huamua namna inavyolishughulikia. Katika Kiswahili cha kila siku, kipigo ndani ya ndoa huitwa ugomvi wa mke na mume. Neno ugomvi linadokeza pande mbili zenye nguvu sawa, na hivyo linamfanya aliyepigwa kuwa mshiriki wa kosa. Vivyo hivyo, usemi wa mambo ya ndani unamzuia jirani kuingilia, na usemi wa kumtia adabu unamgeuza mke kuwa mtoto.

Methali nazo hutumika kwa namna hiyo. Wagombanao ndio wapatanao ni methali yenye hekima inapowahusu ndugu waliokosana kuhusu mpaka wa shamba. Inapotolewa na mzee wa usuluhishi mbele ya mwanamke mwenye jicho lililovimba, huwa ni amri ya kumnyamazisha. Mafunzo ya mwali na nasaha za usiku wa kuamkia harusi husisitiza uvumilivu na kutunza siri. Uvumilivu ni fadhila pale unapowahusu wote wawili katika umaskini, maradhi au ugumba. Unapodaiwa kwa mmoja tu, na kwa ajili ya mateso yanayosababishwa na mwingine, hubadilika kuwa leseni.

Athari za lugha hiyo zinaonekana katika takwimu. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 uliotajwa hapo juu, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kuaga. Ukweli kwamba wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume unaonesha namna fikra hizo zinavyorithishwa na wale wanaoumizwa nazo. Hata hivyo, Kiswahili kina methali za upande wa pili. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kungwi na mshenga wa leo wanaweza kuzitumia hizo kwa nguvu ileile.

5.0 Kwa Nini Mwathirika Habaki kwa Hiari

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini haondoki. Swali hilo linaweka mzigo kwa mwathirika, lakini majibu yake yanasaidia kuelewa hali ilivyo.

Jibu la kwanza ni mzunguko wa ukatili. Mwanasaikolojia Lenore Walker wa Marekani aliueleza mwaka 1979 kuwa na hatua tatu: kujengeka kwa hofu, kulipuka kwa kipigo, na kipindi cha toba ambapo mtesaji huomba radhi, hununua zawadi na kuahidi kubadilika. Si kila nyumba hufuata hatua hizo, lakini kipindi cha toba huwarudisha wengi, kwa kuwa mwathirika huamini kwamba mtu aliyempenda amerejea. Mtafiti mwingine, Evan Stark, alionesha mwaka 2007 kwamba kiini cha tatizo mara nyingi ni utawala wa kila siku unaopunguza uhuru wa mtu hatua kwa hatua, na kwamba kipigo ni nyenzo mojawapo tu ya utawala huo.

Jibu la pili ni uchumi. Mwanamke anayeuza mboga au ndizi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu anaweza kupata fedha za siku, lakini si kodi ya miezi sita inayodaiwa mara moja na mwenye nyumba. Jibu la tatu ni watoto, ambao wengi huogopa kuwaacha. Jibu la nne ni aibu na imani ya dini kwamba ndoa haivunjwi.

Jibu la tano, ambalo ni zito kuliko yote, ni hatari. Utafiti katika nchi mbalimbali umeonesha kwamba wakati wa kuondoka, na majuma yanayofuata, ni kipindi cha hatari kubwa ya kuuawa, kwa sababu mtesaji anapoteza utawala aliouzoea. Dalili za hatari kubwa zinajulikana: kukabwa koo, kutishiwa kwa silaha, vitisho vya kuua au kujiua, wivu unaofuatilia kila hatua, kipigo wakati wa ujauzito na kipigo kinachozidi kadiri muda unavyopita. Aliyekabwa koo hata mara moja anapaswa kuchukuliwa kuwa katika hatari ya maisha, ingawa shingo yake haina alama. Kwa hiyo mtu anayebaki huenda anafanya hesabu sahihi ya usalama wake kwa siku hiyo. Jukumu la jamii ni kuibadilisha hesabu hiyo.

6.0 Mlango wa Sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu kifupi ambacho kila mkazi wa Kilakala angepaswa kukijua. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kwa maana hiyo, hoja ya mila imekosa nguvu kisheria kwa zaidi ya nusu karne. Kumshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili ni kosa chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka mitano. Kanuni hiyo haimtoi mume nje ya kosa hilo.

Kwa upande wa ndoa yenyewe, ukatili wa kimwili au wa kiakili ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Maombi yanaweza kufunguliwa hata katika Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya kudai talaka, mhusika hutakiwa kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini, na kupata hati inayoonesha kuwa usuluhishi umeshindikana. Sheria inaruhusu mahakama kuliondoa sharti hilo pale penye mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Vilevile, ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka bila idhini ya mahakama, ambayo huzingatia ugumu wa kipekee anaopitia mwombaji. Masharti hayo yametajwa kuhusu talaka. Anayehitaji kwanza kuishi mbali kwa usalama anaweza kushauriwa kuhusu amri ya kutengana.

Kuhusu mali, kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali hizo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na kuzitumia vibaya, lakini kanuni iliyowekwa imewanufaisha wanawake wengi baada yake. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa kama itathibitishwa vinginevyo. Walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mke na mume hudhaniwa kuwa wanandoa chini ya kifungu cha 160. Kwa ardhi ya vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa mwanamke wa Kiluguru, kifungu hicho ni njia ya kuulinda kisheria mlango ambao mila yenyewe ilimpa.

Sheria ina mapengo. Tanzania haina sheria mahususi ya ukatili wa kifamilia, tofauti na Uganda iliyotunga yake mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015. Sheria za majirani hao zinampa mwathirika nafasi ya kuomba amri ya ulinzi bila kulazimika kwanza kudai talaka. Nchini Tanzania amri ya kumzuia mwenzi asimsumbue mwenzake ipo katika Sheria ya Ndoa, lakini imefungamanishwa na mashauri ya ndoa yaliyopo mahakamani au yaliyokwisha kuamuliwa. Aidha, kosa la kubaka halimhusu mume ambaye hajatengana na mkewe. Pia sheria inaruhusu mahakama kuhimiza usuluhishi katika shauri la shambulio la kawaida, jambo ambalo bila uangalifu huweza kumrudisha aliyepigwa mikononi mwa aliyempiga.

7.0 Hatua za Kujinasua kwa Usalama

Kujinasua ni safari yenye hatua, na mara nyingi huanza muda mrefu kabla ya siku ya kuondoka.

Hatua ya kwanza ni kumwambia mtu mmoja anayeaminika, asiye mwepesi wa kupeleka habari kwa mtesaji. Anaweza kuwa dada, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini au mwanakikundi wa vikoba. Ni vyema kukubaliana naye ishara, kama vile neno fulani kwenye simu, ambayo itamjulisha kwamba msaada unahitajika mara moja.

Hatua ya pili ni kuandaa mahitaji. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, hati au barua za kiwanja na nguo chache vinaweza kuhifadhiwa kidogokidogo kwa mtu huyo. Nakala zilizopigwa picha husaidia pale nyaraka halisi zinapofichwa. Akiba ya nauli inafaa kuwekwa mahali ambapo mtesaji hafiki. Namba ya siri ya simu na ya akaunti ya fedha ya mtandao ibadilishwe siku ya kuondoka na si kabla, ili kutoamsha shaka.

Hatua ya tatu ni kutunza ushahidi. Picha za majeraha, ujumbe wa vitisho na tarehe za matukio vihifadhiwe nje ya simu inayokaguliwa. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ikithibitika kuwa ni wa kuaminika.

Hatua ya nne inahusu wakati wa shambulio. Inashauriwa kukaa mbali na jiko na vyumba visivyo na mlango wa pili, kuelekea uani au barabarani, na kupiga kelele. Watoto wafundishwe kukimbilia kwa jirani fulani na wasijaribu kuamua ugomvi.

Hatua ya tano ni matibabu na taarifa. Polisi hutoa fomu namba 3, inayojulikana kwa wengi kama PF3, ambayo daktari huijaza na ambayo baadaye huwa ushahidi. Aliye katika hatari ya maisha apelekwe hospitalini kwanza, na fomu ifuatiliwe baadaye. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifai baada ya muda huo. Inafaa asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Katika vituo vya polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, lililoanza kuundwa nchini tangu mwaka 2008, limewekwa ili maelezo yasichukuliwe kaunta mbele ya watu. Iwapo anayeumizwa ni mtoto, namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Hatua ya sita ni msaada wa kisheria na wa kijamii. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huandaa nyaraka na kutoa ushauri bila malipo kwa wasio na uwezo. Ofisa ustawi wa jamii wa manispaa hushughulikia matunzo ya watoto na kutafuta makazi ya muda. Nyumba salama ni chache, na kwa sababu hiyo makazi ya ndugu bado ndiyo kimbilio la wengi. Panapokuwa na dalili za hatari zilizotajwa katika sehemu ya tano, makazi hayo yasiwe yale ambayo mtesaji atayafikiria kwanza.

Hatua ya saba ni usalama baada ya kuondoka. Njia ya kwenda sokoni na saa za kwenda zibadilishwe, shule ya watoto ijulishwe ni nani anayeruhusiwa kuwachukua, na kikao chochote cha usuluhishi kisifanyike wawili hao wakiwa peke yao.

8.0 Kuzuia Ukatili

Kuzuia kunaanzia kwa jirani. Anayesikia kilio anaweza kubisha hodi na kuomba kiberiti au chumvi. Mara nyingi hodi hiyo hutosha kukatiza kipigo bila kumhatarisha abishaye. Akiona silaha, asiingie, bali aite watu na polisi. Baadaye, akikutana na mwathirika faraghani, maneno matatu yana manufaa kuliko ushauri mrefu: kwamba anamwamini, kwamba kosa si lake, na kwamba mlango wake uko wazi.

Kwa viongozi, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, ulielekeza kuundwa kwa kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Kamati ya namna hiyo ina manufaa pale mwenyekiti wa mtaa anapojua mipaka yake. Mgogoro wa matumizi ya nyumbani unaweza kusuluhishwa mtaani. Jeraha ni suala la polisi, na faini ya mbuzi au fedha haiwezi kuchukua nafasi ya sheria. Mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya misikiti na makanisa, yanapaswa kuwasikiliza wahusika kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha.

Ushahidi wa utafiti unatia moyo. Mpango ulioanzishwa Uganda kwa jina la Kiswahili, SASA!, uliwaandaa wanajamii wa kawaida jijini Kampala kuzungumza na jirani zao kuhusu matumizi ya nguvu na mamlaka katika uhusiano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa ukatili wa kimwili wa wenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika jamii zilizofikiwa zikilinganishwa na zile ambazo hazikufikiwa. Utafiti mwingine uliofanyika Mwanza ulionesha kwamba wanawake waliokuwa katika vikundi vya mikopo, walipopewa pia mafunzo ya vipindi kumi kuhusu jinsia na uhusiano, walipata ukatili mdogo wa kimwili. Funzo lililopo ni kwamba ukatili unaweza kupungua ndani ya miaka michache, na kwamba fedha pekee bila mazungumzo hazitoshi.

Kilakala ina nyenzo za kufanya hivyo: vikundi vya vikoba, jumuiya ndogondogo, madrasa, shule, na wazee wa koo za Uluguru. Wajomba wana nafasi ya pekee. Mjomba anayetangaza siku ya harusi, mbele ya wakwe, kwamba binti yake ana shamba na ana kwao, amemwekea kinga kubwa kuliko zawadi yoyote. Vijana wa kiume nao wanahitaji kusikia kutoka kwa wanaume wanaowaheshimu kwamba ghadhabu ni hisia na kipigo ni uamuzi. Mtu anayejizuia mbele ya bosi wake ana uwezo wa kujizuia mbele ya mkewe.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ukatili wa kifamilia ni mwenendo wa utawala unaolindwa na lugha, umaskini na ukimya. Katika Uluguru ya zamani, ardhi ya ukoo wa mama ilimpa mwanamke mahali pa kwenda, ingawa haikumwondolea kila dhiki. Mjini, mahali hapo pamekuwa mbali, na sheria iliyopo, pamoja na mapengo yake, bado haijawa mali ya kila mkazi. Inapendekezwa kwamba Bunge litunge sheria mahususi yenye amri za ulinzi, kwamba mabaraza ya usuluhishi yapewe mafunzo ya kutambua dalili za hatari, na kwamba koo ziandikishe haki za ardhi za wanawake kabla mashamba hayajauzwa. Hadi hapo yatakapotekelezwa, usalama wa mtu anayeteswa utaendelea kutegemea kwa kiasi kikubwa jambo ambalo halihitaji bajeti: kuwepo kwa mtu mmoja katika ua uleule ambaye amesikia, ameamini na yuko tayari kufungua mlango.